Fundo la Kidevu

Asubuhi niliyoondoka nyumbani nilikuwa nimetumwa kuazima shoka kwa shangazi. Shoka hilo sijalifikisha mpaka leo. Njiani, karibu na Isebania, nilikuta lori lililojaa mbao limesimama pembeni mwa barabara, dereva amelala chini yake anafunga kitu kwa waya. Nilimuuliza mbao zinakwenda wapi. Akasema Kendu Bay. Nikamuuliza zikifika huko zitakuwa nini. Alitoka chini ya lori, akanitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeongea, akasema, "Hilo mimi sijui. Ukitaka kujua, panda."

Nikapanda.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi hii. Wengine husema waliitwa. Mimi nilifuata mbao. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, kwa sababu mwalimu wetu alikuwa na fimbo nyingi kuliko majibu, na kwa sababu nilizaliwa na miguu isiyotulia. Ninawaandikia nyinyi mafundi niliowaacha Sindo, maana mtaulizana, kama hamjaanza tayari, kwa nini kuna jeneza zima lenye dirisha la kioo limesimama nyuma ya karakana, na kwa nini nilisema lisiuzwe. Jibu lake ni refu kidogo. Vyeo hatuna katika kazi hii, na mapato yake mnayajua, kwa hiyo hayo nayaruka.

Mbao zile zilikuwa za Mzee Odera, fundi wa majeneza, mtu mfupi mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi hata siku ya ibada. Siku yangu ya kwanza nilishusha mzigo, nikapewa uji, kisha akaniambia nilale ndani ya jeneza ambalo halijakamilika, kwa kuwa marehemu aliyengojewa alikuwa na mabega kama yangu. Nililala. Akaweka kifuniko. Juu ya uso wangu kulikuwa na tundu la mraba, na katika tundu hilo nikaona uso wake umeinama, unanichungulia. Nilimuuliza tundu ni la nini. Alicheka. Akasema amelaza vijana wengi humo, wote walitaka kutoka, hakuna aliyewahi kuuliza swali. Aliponitoa alimwambia mkewe kwamba ama amepata mwanafunzi, ama amepata balaa.

Wakati huo watu hawakuja na futi. Familia ilimpima marehemu wao kwa kamba ya katani, ikatuletea kamba. Fundo la kwanza lilikuwa la utosi, la mwisho la kisigino, na karibu na lile la kwanza kulikuwa na fundo dogo la kidevu. Fundo hilo ndilo lililotuonyesha pa kukata dirisha. Mnajua jinsi watu wa pande hizi wanavyotoka mbali kuja kumwona mtu wao mara ya mwisho, wanavyopita kwa foleni kando ya jeneza, kila mmoja akiinama kidogo juu ya kioo. Ukikosea dirisha kwa upana wa vidole vitatu wataona shingo, au wataona nywele, na hawatakusamehe. Kwa hiyo Odera alikata dirisha kwanza, kabla hata hajapiga randa mbao za pembeni. Mimi pia nimefanya hivyo maisha yangu yote, hata baada ya futi kuja, na nimeendelea kuwaomba watu kamba. Futi inakuambia urefu tu. Kamba imemgusa mtu.

Kamba nyingine zililetwa bila fundo la kidevu. Mara ya kwanza nilidhani wamesahau, nikafungua mdomo kuuliza, Odera akanikanyaga mguu. Walipoondoka akanieleza. Kamba isiyo na kidevu ni ya mtu asiyetazamika: aliyeungua, aliyepitiwa na lori, aliyekaa majini siku nyingi. Familia haisemi na fundi haulizi. Kifuniko kinabaki mbao tupu.

Odera alikuwa mzee wa kanisa. Alipokuwa akikandika pati, ule udongo laini wa kushikiza kioo, kuzunguka dirisha alipenda kunieleza kwamba Mungu alimwumba mtu kwa mfano wake mwenyewe, na kwamba kazi yetu ni kuutunza mfano huo mpaka uingie ardhini. Nilimuuliza mfano huo unakaa sehemu gani ya mwili. Hakufikiri hata kidogo.

"Mwangalie mbuzi," alisema. "Mbuzi ana kichwa. Mtu ana uso."

Nilikaa na jibu hilo miaka mingi. Ni jibu zuri mpaka siku kamba inapokuja bila kidevu.

Vioo tulivinunua Homa Bay mjini kwa Bwana Abdalla, Mwislamu wa kutoka pwani aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Nilimpelekea swali lile lile, maana sikuwa na ubaguzi katika kuuliza. Alinieleza kwamba kwao Mungu hafanani na kitu chochote, na kwamba wao humlaza maiti kwa ubavu, amefunikwa sanda mwili mzima, bila sanduku na bila kioo. "Nyinyi," akasema huku akipima kioo changu, "mnauuzia udongo madirisha." Nikamwambia kwamba yeye ndiye anayetuuzia sisi. "Mimi ni mfanyabiashara," akajibu, "na udongo haujanirudishia hata kimoja."

Odera alipokufa nilimtengenezea mimi. Mkewe alileta kamba yenye mafundo matatu, lile la kidevu amelikaza mpaka katani imeanza kukatika. Nilikata dirisha, nikakifuta kioo, nikaondoka Kendu Bay wiki hiyo hiyo. Sikuwa na ugomvi na mtu. Ni miguu tu.

Nilizunguka. Nilifanya kazi Migori kwenye machimbo ya dhahabu, ambako shimo likiporomoka huleti kamba yoyote kwa sababu hakuna wa kupimwa. Huko nilimsikia mhubiri akisema kwamba mfano wa Mungu si uso, ni mamlaka: binadamu amepewa kuitawala ardhi na vyote vilivyomo, pamoja na samaki wa majini. Wakati akisema hayo wanaume watatu walikuwa chini ya ardhi hiyo, na wake zao walikuwa wamekaa juu yake. Nilidhani labda ardhi haijapelekewa habari. Nikaondoka tena. Mwishowe nikafika Sindo, na nyinyi wengine mlinikuta hapo, kwa hiyo mnajua nilivyokuwa: fundi anayekaa kiti cha nyuma kanisani na kumsumbua mchungaji baada ya ibada.

Sasa nifike kwa Min Ochieng, yaani mama yake Ochieng. Ni mjane, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mwanamke mrefu mwenye hatua za kiume, na kila Jumamosi jioni ndiye aliyekuwa akifagia kanisa letu. Mabinti zake wameolewa mbali. Aliyebaki nyumbani ni Ochieng, mwanawe wa mwisho, mvuvi, kijana wa maneno machache aliyekuwa akinitania kwamba siku nitakayokosa wateja nimwambie, atapinduka kidogo. Siku moja upepo ulikuja ghafla. Mashua yake ilipatikana imelala kifudifudi kwenye maji. Yeye hakupatikana. Wenzake walivuta nyavu mchana baada ya mchana, mpaka wakaacha kuangaliana machoni.

Mimi ni Mkurya, na jambo linalofuata nililikuta ugenini. Mjaluo akipotea majini na mwili usipopatikana, ukoo huenda ukachuma yago, lile tunda refu, zito, la rangi ya kijivu linaloning'inia kwenye mwegea kama soseji kubwa, na kulizika badala yake. Bila hivyo kifo hakijafungwa na boma halitulii. Mzee wa ukoo, Jaduong' Ondiek, kaka wa marehemu mumewe Min Ochieng, alilichuma mwenyewe. Nilimwona akipita nalo sokoni, amelibeba kwa mikono miwili kama anavyobebwa mtoto aliyelala, na watu wakimpisha njia. Nasema hivyo ili msimdhanie vibaya kwa yatakayokuja.

Min Ochieng hakupinga yago. Alichotaka ni sala kaburini. Alikuwa amefagia mahali pale miaka yote na alitaka yale maneno yanayosomwa kwa kila muumini yasomwe kwa mwanawe, mbele ya watu, jeneza likiwa na dirisha kama la wengine. Mchungaji wetu, ambaye mwenyewe alikuwa mvuvi kabla ya kushika Maandiko na aliwahi kuvua mashua moja na marehemu mume wa mama huyu, alikaa naye jioni nzima. Alimwambia maneno ya kaburini husomwa kwa mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Hawezi kuyasoma juu ya tunda. Juu ya jeneza tupu, kwa ukumbusho, ataweza.

Basi ikapatikana njia ambayo ni watu wa ziwani tu wangeweza kuipata. Alfajiri ya mazishi Ondiek na ndugu zake walilizika yago kwenye sakafu ya kaburi, wakalifunika kwa udongo. Saa nne mchungaji akaja, jeneza tupu likateremshwa juu yake, naye akasoma. Aliuona udongo wa chini umelegea. Akaangalia ziwa, akaendelea kusoma.

Jeneza hilo nililitengeneza mimi. Min Ochieng aliniletea kamba ya mafundo matatu. Nilishangaa, nikamuuliza amempima nani. Akasema mwanawe alikuwa na urefu wake, kwa hiyo alilala chini sakafuni kwake, akamwambia jirani afunge mafundo. Nilikata dirisha kwenye kidevu cha mama. Picha ya kuweka nyuma ya kioo haikuwepo. Zilizokuwepo zilikuwa kwenye simu, na simu ilikwenda naye. Akaleta shati lake la Jumapili, tukalikunja vizuri, kifungo cha kola tumekifunga, tukaliweka kola ikiwa chini tu ya dirisha. Watu walipita kwa foleni. Kila mmoja aliinama na kutazama kola iliyofungwa, na juu ya kola kitambaa cheupe, na wakalia kama wanavyolia siku zote. Nimeona mengi kwenye kazi hii. Lile sikuweza kulitazama mara mbili.

Wote waliridhika. Ukoo ulikuwa na yago lake, kanisa lilikuwa na jeneza lake, na mama alikuwa amepata sala. Ningekuwa naandika kumbukumbu za kufurahisha ningeishia hapa.

Mvua za masika zilipokaribia, wanawake waliokuwa wakianika omena ufukweni, mbali na Sindo, waliona mtu ameletwa na maji. Polisi wakampeleka mochari mjini. Habari ikamfikia Min Ochieng sokoni. Hakumwambia mtu. Alikuja moja kwa moja kwangu, akaniambia, "Fundi, nisindikize," nami nikavua aproni.

Nitawaambia machache kuhusu kile chumba. Mhudumu alikuwa mtu wa heshima, alimwuliza mama mara mbili kama ana hakika. Alipofunua, niliona kwamba fundo la kidevu lingekosa pa kukaa. Samaki walikuwa wamefanya kazi yao. Min Ochieng alitoa ile kamba kwenye mkoba wake, ile ile niliyomrudishia, akaninyooshea upande mmoja. Tukaipitisha pembeni mwake. Fundo la utosi lilikaa utosini, na la kisigino likakaa kisigino. Akamwambia mhudumu amfunike, baridi ni kali.

Ofisi ilitaka ndugu wawili waseme neno moja kabla ya kuutoa mwili. Yeye alikuwa mmoja. Nilijitolea kuwa wa pili, na karani akanitazama, akatazama jina langu, akasema, "Chacha, wewe umekuwa Mjaluo lini, omera?" Hata Min Ochieng alitabasamu kwa hilo neno omera, yaani ndugu. Ndiyo mara ya mwisho nilipoyaona meno yake.

Ilibidi twende kwa Jaduong' Ondiek. Alitusikiliza amekaa kwenye kiti chake mbele ya nyumba, fimbo kati ya magoti. Aliuliza uso ukoje. Mama akamwambia hakuna uso. Akauliza kuna alama gani. Mama akamwonyesha kamba.

"Wanaume wa urefu huo wamejaa ufukweni," Ondiek alisema. "Shemeji, kaburi la mtoto wa ndugu yangu nimelifunga kwa mikono hii. Nikilifungua nitakuwa naita mwingine. Unataka nimwite nani?"

"Simtaki mwingine. Nataka huyu alale."

"Ochieng analala. Tulimlaza."

"Mlilaza tunda, Jaduong'." Hakupaza sauti. "Kwa hiyo tunda lina kwao, na mtu hana."

Ondiek aliinamisha kichwa. Aliikamata fimbo kwa mikono miwili, na sidhani ilikuwa hasira. Alikuwa mzee anayeogopa kupoteza wengine, na alikuwa nao wengi wanaovua. Alisema tu kwamba kaburi halitafunguliwa, na kwamba mtu asichimbe popote kwenye ardhi ya ukoo. Mabinti walipopigiwa simu walilia, wakasema Baba Mkubwa akishasema, wao hawana neno.

Tukaenda kwa mchungaji. Alikuwa anarekebisha bawaba ya mlango wa banda la kuku, akaacha, akatuwekea viti. Min Ochieng hakukaa.

"Mchungaji, yule aliye mochari ni mfano wa Mungu, au si mfano?"

"Ni mfano wa Mungu, mama."

"Hata hivyo alivyo? Hana uso."

"Hata hivyo alivyo. Samaki hawezi kula mfano wa Mungu."

Hapo nilinyanyua kichwa. Jibu hilo lilikuwa limezidi la Odera, na nilikuwa nimelitafuta tangu ujana wangu.

"Na kama si wangu?"

"Ni mfano wa Mungu bado."

"Basi kama si wangu ni wa mwingine kama mimi. Njoo umwombee, tumzike."

Kuku walikuwa wanaanza kutoka kwenye banda, mchungaji akawazuia kwa mguu. Kisha akasema kwamba jina la Ochieng alishalikabidhi kwa Mungu mbele ya watu wote, na hawezi kulikabidhi mara ya pili. Kama si Ochieng, kuna nyumba nyingine inayomtafuta. Na ardhi ya kumlaza haipo, kwa kuwa mwenye ardhi amekataa. Aliyasema hayo polepole, kama mtu anayetafuta nanga gizani na kuikosa.

"Nionyeshe pa kusimama, mama," alimaliza. "Ukinionyesha pa kusimama, nitasimama."

Hakuwa na mahali pa kumwonyesha. Tuliondoka. Njia nzima nililitafuna lile jibu zuri. Kila mtu niliyekutana naye siku ile alikubali kwamba yule kijana alikuwa na kitu cha Mungu ndani yake. Hakuna aliyekuwa na nafasi yake.

Kesho yake Min Ochieng alikuja karakana na kamba. Alitaka jeneza. Alisema ofisi imemwambia kwamba wasiochukuliwa watazikwa na serikali kwenye makaburi ya umma, basi na iwe huko, lakini hatakwenda bila sanduku lake. Niliipokea kamba nikaona fundo la kidevu lipo bado. Nilianza kulifungua kwa kucha, kwa desturi tu, kama Odera alivyonifundisha. Alinishika mkono.

"Liache."

Nilimwambia kwa upole kwamba kwa mtu wa namna ile hatukati dirisha. Hakuna wa kumwangalia.

"Kata dirisha, fundi," alisema. "Mimi sitaangalia. Wewe hutaangalia. Aliyemwumba aangalie."

Nilikata. Nilitumia mvule niliokuwa nimeuweka kwa ajili yangu mwenyewe, na tafadhali msianze kunisifu, ulikuwa umekauka vizuri na hapakuwa na mwingine. Nilipiga randa mpaka mbao zikawa laini kama shavu. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, wala sijawahi kuifanya nikiwa na moyo mweusi kama ule, kwa sababu nilielewa vizuri alichokuwa ananiagiza. Yale madirisha mengine yote niliyakata ili waliobaki waage. Hili lilikuwa la kumshtaki huyo aliyeitwa aangalie.

Tulipoitwa na ofisi ya mochari, mchungaji alikuja nasi. Nampa haki yake: alikuja na Maandiko chini ya kwapa, amevaa viatu vya ibada kwenye tope. Tulilipakia jeneza kwenye pikapu, tukaenda. Labda tulichelewa kwa sababu ya barabara. Labda wao waliwahi kwa sababu ya mvua. Tulipofika kwenye makaburi ya umma tulikuta handaki moja refu, na vijana wa kazi walikuwa wameshaanza kufukia. Min Ochieng alitembea kando ya handaki kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudi. Akamwuliza msimamizi wake ni yupi.

Msimamizi alivua kofia. "Mama, hatujui," alisema. "Walikuja wamefungwa wote sawasawa."

Mchungaji alifungua Maandiko. Akauliza, si kwa mtu yeyote hasa, asimame wapi. Mwishowe alisimama pale alipokuwa na akawaombea wote, na maneno yalikuwa mazuri, yale yale ya kwamba sisi ni kazi ya mikono ya Mungu. Min Ochieng hakufumba macho. Alikuwa anaangalia makoleo. Kabla ya amina alikuwa amerudi kwenye pikapu, amekaa karibu na jeneza, mkono mmoja juu ya kioo.

Nilimwuliza kama tuliweke juu ya handaki, hata likiwa tupu. Alitikisa kichwa. Akasema sanduku tupu moja tulishazika.

Hilo ndilo jeneza mnaloliona nyuma ya karakana. Lilitengenezwa kwa ajili ya mtu, kwa hiyo si la kuuza, na mtu huyo hatapatikana, kwa hiyo si la kutumika. Likioza, lioze. Msivunje kioo.

Min Ochieng anaendelea kuuza omena. Tulipokutana alinisalimu bila kusimama. Kanisa hafagii tena, wala haingii. Hakuniambia sababu, nami sikuuliza, na hilo ndilo swali pekee ambalo nimewahi kulimeza. Mchungaji alikuwa akiniuliza habari zake, nami nikimwambia yuko. Jaduong' Ondiek alimpoteza mjukuu ziwani mwaka uliofuata, pamoja na tahadhari zake zote. Mwili ulipatikana siku hiyo hiyo, ukiwa mzima. Alileta kamba mwenyewe. Fundo la kidevu lilikuwepo.

Baada ya hapo nilikata madirisha machache tu. Sitaki mdhani ni uzee. Ila kila nilipomaliza kukandika pati nilijikuta ninainama na kuchungulia kutoka upande wa juu, kama Odera alivyonichungulia siku ile, nikijaribu kujua Aliye juu huona nini kupitia pale. Niliona sakafu ya jeneza. Asubuhi moja niliweka randa mezani, nikawagawia vifaa kama mnavyojua, nikachukua begi. Mpango sikuwa nao. Nilipanda chochote kilichosimama: lori la mchanga, pikipiki, gari la mtu aliyetaka mwenzi wa kuongea naye. Nikapita Migori, nikaendelea kuelekea ziwani upande ambao sikuwahi kuufika, na jua lilipoanza kulegea nikashushwa Muhuru.

Hapo simjui mtu. Niliuliza pa kulala, nikaonyeshwa nyumba ya mabati yenye vyumba nyuma, mwenyewe ni mama mmoja mnene aliyekuwa anakaanga samaki barazani. Akaniomba kitambulisho. Kitambulisho changu nilikichukua zamani, na vanishi na jua vimenifanyia kazi tangu hapo. Alikishika mbali na macho, akanitazama, akakitazama tena. Akamwita jirani naye aje aone.

"Mzee, huyu ni nani?" akasema. "Huyu si wewe."

Nilimwambia ndiye mimi, wa wakati ule. Jirani akasema masikio yanafanana kidogo. Yule mama akacheka, akanirudishia, mkono wake ukiwa na mafuta ya samaki.

"Haya, ingia tu," alisema. "Wewe si mtu? Sasa utalala wapi?"

Akanyoosha kidole kuelekea mlango wa mwisho, ambao ulikuwa wazi. Nilibaki nimesimama na begi langu mkononi, mpaka akaniambia tena.